Siku Baba Mkwe Alipovunja Mlango Wangu

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa nane, mwanangu, na kila ikinijia huwa naacha ninachofanya, nashukuru kwanza, ndipo naendelea. Kama napika, ugali unaungua. Watoto wangu wamezoea. Wakisikia harufu jikoni huambiana, "Mama ameshaenda Agosti tena."

Usiogope, sikuhubirii. Nilifundisha darasa la tatu miaka thelathini na kitu, nikaanzia shule ya karibu na nyumbani, nikaenda Nyakoe, nikamalizia Suneka, kwa hiyo sauti yangu ni ya kufoka hata ninapokuambia nakupenda. Nivumilie tu. Wewe una mimba, au utakuja kuwa nayo, au yupo dada yako mwenye nayo, na mimi nina jambo moja ambalo nikikaa nalo kimya nitakuwa mchoyo.

Mimi ni mzaliwa wa Nyamira. Niliolewa upande wa Itumbe, kwenye mlima wa chai, na siku ninayokuambia nilikuwa na mwaka mmoja na nusu tu katika boma lile. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imevuka miezi saba. Mume wangu alikuwa karani bandarini Mombasa, akija nyumbani Krismasi na siku chache za likizo. Nyumba yetu ndogo ilikuwa hatua kama ishirini kutoka kwa nyumba ya wazazi wake.

Sasa lazima nikueleze kitu, maana nyinyi wa siku hizi mnakisikia kwenye harusi tu, tena mnacheka. Sisi Abagusii, yaani Wakisii, tuna chinsoni. Ni heshima yenye mipaka. Baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe, hata mvua inyeshe ya mawe. Hamshiki mkono. Wakikutana njiani, mmoja anasogea kando. Na mke wa mwana hamtaji baba mkwe kwa jina. Ndiyo maana hapa pia jina lake hutalisikia, ingawa amelala kaburini miaka mingi. Nitamwita Tata, yaani baba, kama nilivyomwita. Na mambo ya mwili, lo! Kuyataja mbele yake? Afadhali uumwe na nyuki usoni.

Mimi sidharau chinsoni, sikia vizuri. Ilinipa amani katika boma geni. Tata hakuwahi kunitazama vibaya wala kunipandishia sauti. Kila asubuhi alisimama mahali pamoja, penye ua wa miti unaotenganisha nyumba zetu, akageuza uso upande wa ng'ombe, akanisalimia: "Mokamwana, bwakire?" Mke wa mwanangu, umeamkaje? Nami nikajibu, "Mbuya, Tata." Mzima, baba. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwaka mzima, na hayakunikera hata kidogo.

Wiki ile ilikuwa ya makambi. Sisi ni Waadventista, na makambi yakifika mlima mzima unahama. Watu wanabeba masufuria, mablanketi, vitabu vya nyimbo na watoto, wanakaa kwenye uwanja wa kanisa juma zima wakisikiliza mahubiri. Mama mkwe wangu alikwenda tangu Jumapili pamoja na mashemeji. Mimi nilibaki kwa sababu miguu ilikuwa imevimba na ule mlima wa kanisa si mchezo. Jumatano ile Tata naye alibaki asubuhi, kwa kuwa ilikuwa siku ya lori la kiwanda kuchukua majani chai, na majani yakishachunwa hayangoji mahubiri. Angepeleka kikapu chake kituoni, yapimwe, kisha jioni aende kambini. Yeye mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa. Basi kwenye boma tulikuwa wawili, yeye na mimi, na ng'ombe.

Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda kliniki. Nesi, mwanamke mfupi mwenye macho ya kuona mbali, alinipima, akaniangalia, akasema, "Mwalimu, damu ikitoka, hata tone la kuchafua kitambaa, usilale nayo. Siku hiyo hiyo uje." Nilifika nyumbani nikayaandika maneno yake kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, nikayapigia mstari chini kwa rula. Mwalimu ni mwalimu.

Damu ilitoka saa mbili asubuhi nilipoinama kupuliza moto. Hakukuwa na maumivu yoyote. Hicho ndicho kilichonidanganya. Nilijiambia, "Haiumi, basi si kitu," nikachukua leso, nikajifunga, nikarudi kwenye moto. Haikukoma. Ndipo nikamsikia Tata penye ua.

"Mokamwana, bwakire?"

"Mbuya, Tata."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na nilimwambia mtu ambaye hajawahi kunidanganya. Baada ya kukamua alirudi, akaacha maziwa kwenye jiwe kama kawaida yake, akauliza mbona jikoni kwangu moshi umezimika. Nikasema nimechelewa kidogo tu, niko mzima. Wa pili. Kisha akaja na gumbuti zake za mpira miguuni na kikapu cha majani mgongoni, akasimama tena.

"Naenda kituoni. Kuna lolote ungependa?"

Mwanangu, hapo maneno ya nesi yalinijia yote, na mstari wake wa rula. Nilihitaji kusema maneno mawili tu: nipeleke hospitali. Lakini nikawaza, akiuliza kinachouma ni nini, nitamjibu nini? Nitamwambia mzee wa watu, mzee wa kanisa, kwamba natokwa na damu pale? Nikasema, "Hakuna, Tata. Nenda salama." Wa tatu. Nikasikiliza gumbuti zikiteremka mlima.

Nilipanga kumngoja mama mkwe. Mama mkwe alikuwa anarudi Jumamosi jioni! Au mwanamke yeyote apite njiani, nimwite. Lakini wanawake wote walikuwa kambini wakiimba. Sauti zao nilizisikia kwa mbali, nzuri kabisa. Nilibadilisha leso, nikachukua shuka, nikatembea kutoka jikoni hadi nyumbani nikishika ukuta. Nikaingia, nikafunga komeo kwa ndani ili mtu asije akanikuta katika hali ile. Sikulala kitandani, nikatandika mkeka chini, kwa sababu godoro lilikuwa jipya na nilimwonea huruma mume wangu aliyelinunua. Nilikuwa na cheti cha ualimu. Nilifundisha watoto somo la afya, na picha ya mwili wa binadamu iliyokuwa ukutani darasani niliichora mimi mwenyewe. Pamoja na hayo yote nikalala pale chini, nikaamua kufa kwa adabu.

Sijui nilikaa muda gani. Nilianza kusikia baridi, na nje jua lilikuwa limeshawaka. Mtoto alikuwa akicheza tumboni, kisha akapunguza. Hapo niliogopa kweli, na bado sikuita mtu.

Tata aliniambia baadaye kwamba alikuwa amefika nusu ya njia, moyo ukakataa. Hakujua kwa nini. Aligeuka na kikapu chake mgongoni, akapanda tena, na kwenye njia ya kutoka jikoni kwangu akaona matone. Mwanzoni alidhani nimechinja kuku. Kisha akajiuliza ni nani anayechinja kuku wa kula peke yake siku ya Jumatano.

"Mokamwana." Sauti ilikuwa mlangoni kabisa, si penye ua. "Kuna damu hapa njiani. Ni ya nani?"

"Nimejikata kidole, Tata."

Naam, wa nne! Mwanangu, hata pale nilipokuwa, kichwa kikizunguka, nilipata nguvu ya kutunga.

"Toa mkono dirishani nikione."

Sikuweza kuinuka. Nilimsikia akigeukia mlimani, akaita wanawake kwa majina yao, mmoja mmoja, kwa sauti ya mtu anayeita watu wazime moto. Hakuna aliyeitika. Akarudi mlangoni.

"Naingia."

"Tata, usiingie! Ni mwiko!"

"Basi fungua mwenyewe."

"Siwezi."

Lile neno, siwezi, lilikuwa la kwanza la kweli nililomwambia asubuhi ile. Kilichofuata ni bega lake. Mlango ule ulikuwa wa mbao ngumu na fundi alikuwa amejitapa nao. Kwa pigo la tatu ulikwenda chini pamoja na komeo na kipande cha ukuta. Tata alinitazama mara moja tu. Alisema, "Nyasae," yaani Mungu, basi. Akavua koti lake kuukuu, akanifunika, akaniinua mikononi kama mtu anavyoinua ndama. Alikuwa karibu na miaka sitini. Alinuka maziwa na majani mabichi ya chai. Mimi nilivuta koti nikafunika uso. Nilikuwa nakufa, na bado nilikuwa naona haya.

Kituoni watu walikuwa wamepanga foleni na vikapu vyao, karani ameshika kitabu, lori limefunguliwa nyuma. Wakatuona. Jaribu kupiga picha, mwanangu: mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake, anateremka mlima amembeba mke wa mwanawe kifuani, shati lake limelowa damu. Wanaume waligeuza nyuso wakaanza kukagua majani ya chai kana kwamba hawajawahi kuyaona. Walifanya hivyo kwa heshima, sikuwalaumu na siwalaumu. Lakini hakuna aliyesogea.

"Mnaangalia wapi?" Tata alinguruma. "Huyu anakufa!"

Aliyejibu alikuwa Nyaboke, mjane ambaye hakwenda kambini kwa kuwa alichuna chai ya watu. Aliachilia kikapu chake kikamwagika chini, akapanda lori, akanyoosha mikono, akanipokea, akanilaza juu ya magunia ya majani na kichwa changu mapajani mwake. Dereva, kijana aliyeitwa Makori, hakumwuliza karani lolote. Aliacha mizigo ya watu chini bila kupimwa, akawasha gari. Tata alipanda nyuma pamoja nasi. Njia nzima hadi Kisii alikaa akitazama barabara tunayoiacha, na mkono wake mmoja ulikuwa umeshika kisigino changu kupitia leso ambayo Nyaboke alinifunika, nisiteleze. Alinishika kisigino tu. Hata katika siku ile alitafuta mahali pa kunishika pasipo na aibu kwangu. Nikifika hapa huwa nalia, niache nilie kidogo.

Hospitalini nesi aliuliza maswali haraka haraka. Mimba ina miezi mingapi? Damu imeanza saa ngapi? Tata hakujua hata moja. Aligeuka, akaniangalia usoni, jambo ambalo hatukuwahi kufanyiana, akauliza mbele ya watu wote:

"Mokamwana, ilianza saa ngapi?"

"Saa mbili, Tata."

Wakati huo saa tano ilikuwa imeshapita. Akasema polepole, "Saa mbili nilikuwa nimesimama pale." Hakuna fimbo niliyowahi kupigwa iliyoniuma kama sentensi ile.

Daktari alieleza kwamba kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini, limeziba njia ya mtoto, na kila dakika tuliyokaa lilikuwa likinimaliza. Lazima upasuaji, tena sasa hivi. Nani atatia sahihi? Mume yuko Mombasa, na siku zile hakukuwa na simu ya mkononi ya kumpata mtu. "Mimi," akasema Tata, akatia sahihi. Nani atatoa damu? "Pimeni yangu." Ilikubaliana na yangu. Ya Makori pia ilikubaliana, naye akatoa, kisha akaenda kujieleza kiwandani kwa nini lori limepotea. Mtu ambaye hakuruhusiwa kunishika mkono akaingiza damu yake kwenye mishipa yangu, chupa nzima. Mimi nilikuwa nimeshalala, sikuona haya tena.

Nilipoamka Nyaboke alikuwa kando ya kitanda. "Msichana," aliniambia. "Mdogo kama njiwa, lakini anapiga kelele kama wewe darasani." Nililia mpaka mshono ukaniuma.

Siku ya tatu Tata alikuja. Hakuingia wodini. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, uso ameugeuzia dirisha, amerudi kwenye chinsoni yake kama askari aliyerudi kazini. Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani kwangu, macho mekundu, akijilaumu kwa kuniacha. Tata alizungumza na dirisha.

"Mokamwana, mimi nilikusalimia kwa moyo. Ukanijibu uongo. Nikauliza tena, ukanijibu uongo. Nikarudi mara ya tatu. Ungekufa, ningemwambia nini mwanangu? Kwamba nilikuwa hatua ishirini, na sikuambiwa kwa sababu ananiheshimu sana?"

Nikasema, "Nilikuwa naona haya, Tata."

"Chinsoni tuliwekewa ili mimi nisikukosee wewe," alisema. "Iko kwa ajili ya kukulinda. Wewe umeichukua ukaifanya ya kukuua. Nani alikufundisha hivyo? Siku mwili wako una shida, niambie. Niambie hata kama nimegeuka. Masikio yangu hayana chinsoni."

Akavaa kofia, akaondoka. Nilikemewa mara nyingi maishani, na walimu, na wakaguzi, na mama yangu aliyekuwa hodari wa kukemea. Lakini kemeo lile ndilo ninalolishukuru kuliko yote, na kila siku ninayoamka nalishukuru.

Tuliporudi nyumbani wazee wa ukoo walikuja. Walikuwa na swali, na kwa mila zetu lilikuwa swali halali: baba mkwe ameingia nyumba, ameshika, ametia damu yake. Lazima achinje mbuzi, mambo yatakaswe. Nilikuwa jikoni kwa mama mkwe, nimekumbatia mtoto, roho mkononi, nikidhani ndiyo mwanzo wa ugomvi. Tata aliwasikiliza wote mpaka wakamaliza.

"Mbuzi nitachinja," alisema. "Mkubwa kabisa. Lakini ni wa kumkaribisha mjukuu wangu. Anayetaka kumla kwa sababu nyingine, shauri yake, nyama ni ile ile."

Wazee wakaangaliana. Mmoja akaanza kucheka, kisha wote. Mbuzi akaliwa, na hadi leo sijui nani alimla kwa sababu ipi. Kesho yake Tata akatengeneza mlango wangu kwa mikono yake. Kabla ya kuanza alituma mama mkwe aniambie nitoke, nikae kwake mpaka amalize, maana yeye haingii nyumba ya mke wa mwanawe.

Si kwamba yote yaliisha vizuri siku hiyo. Mtoni wanawake wawili watatu walisema mimi sikuzaa, nilipasuliwa kama gunia. Maneno hayo yaliniuma zaidi ya mshono. Mama mkwe, mpole yule, alikwenda mtoni mwenyewe na ndoo tupu. Sijui aliwaambia nini, lakini baada ya hapo walikuwa wakinibebea maji. Na wakati daktari aliposema nipumzike miaka miwili kabla ya mimba nyingine, ni mama mkwe aliyemkalisha mume wangu chini Krismasi ile akamweleza, mimi nikiwa nimejificha jikoni. Nilikuwa bado najifunza.

Miaka ikapita. Msichana akakua, wakafuata wavulana wawili, wote kwa kisu na wote salama, kwa sababu niliwahi kliniki na nilisema kila kitu mpaka manesi wakachoka nami. Tata akazeeka. Asubuhi moja nilikuwa naanika wimbi, mama mkwe amekwenda Nyamira kwenye msiba. Nikamsikia penye ua. Uso ameugeuza upande wa ng'ombe, lakini hakunisalimia kwanza.

"Mokamwana, leo mimi si mzima. Haja ndogo imekataa kutoka tangu jana mchana. Tumbo linataka kupasuka. Nakuambia wewe kwa kuwa wewe ndiye uliyepo."

Unaelewa alichofanya, mwanangu? Wanawe watano walikuwa hai. Angeweza kungoja wavulana warudi kutoka kazini jioni. Angeweza kusema ni mafua. Mzee wa kanisa, mzee wa ukoo, alisimama pale akatamka jambo lile kwa mke wa mwanawe, kwa sababu alikuwa amenifundisha, naye ilibidi anionyeshe kwamba somo ni la kweli. Nikajibu, "Nimesikia, Tata. Twende." Sikuuliza zaidi. Nikaita gari la jirani, nikatembea nyuma yake hatua chache, nikamwambia nesi kila kitu kwa ajili yake ili asirudie. Walimsaidia, na aliishi miaka sita mingine. Kila Sabato ya miaka ile sita nilimwona akipita kwenda kanisani, nikamshukuru Mungu kwa ajili yake kimoyomoyo, na mara moja moja kwa sauti.

Sasa nikuambie la kukuambia. Wewe una simu, una bodaboda mpaka mlangoni, una kliniki ambayo sisi tuliifuata kwa miguu nusu siku. Lakini bado nawasikia. Mkamwana anaulizwa na mama mkwe, anajibu "niko sawa." Anaulizwa na mumewe kwenye simu, "niko sawa." Kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu, uso umevimba, mtoto amenyamaza tangu jana, na yeye yuko sawa! Wengine wanaogopa kuonekana wavivu. Wengine wanaona haya. Wengine wanangoja ruhusa ya mume aliye mbali. Usingoje. Hakuna mume atakayekushukuru kwa adabu yako ukiwa umelazwa kaburini pamoja na mtoto wake.

Mtafute mtu mmoja, mapema, kabla shida haijaja, umwambie: siku nikikuita, njoo bila kuuliza. Akiwa mama mkwe, vizuri. Akiwa jirani, vizuri. Na kama siku hiyo aliyepo ni baba mkwe, mwambie yeye. Huhitaji kumtajia kiungo. Sema, "Baba, mimba ina shida, nipeleke," inatosha, mtu mzima ataelewa. Damu ikitoka, hata kama haiumi, nenda. Maji yakitoka, nenda. Ukiona tu moyo wako hautulii, nenda. Wakikuambia ni bure, rudi nyumbani ukacheke. Ukizaa kwa kisu, umezaa. Ukitaka kupumzika kabla ya mwingine, sema, tena usijifiche jikoni kama mimi. Na nyinyi wazee wa kiume, najua mnasoma huku mmegeuza uso: wafundisheni wake wa wana wenu mapema kwamba masikio yenu yako wazi. Msingoje mpaka mvunje kitu.

Heshima ibaki. Mimi mwenyewe nina wakamwana wawili, na mume wangu haingii kwao. Lakini kila mmoja alipopata mimba, mume wangu alisimama nje akawaambia kwa sauti, "Shida ikija, niiteni mimi pia." Walicheka wakaziba midomo. Mmoja amewahi kumwita. Yuko hai, na mtoto wake ananisumbua hapa sasa hivi nikiandika.

Mungu akutunze wewe na huyo unayembeba, mwanangu. Akupe watu wa kukusikia upesi, na wewe akupe ujasiri wa kusema. Uzae, ulee, usomeshe. Na akuzidishie siku mpaka uwe bibi mzee mwenye maneno mengi, anayeunguza ugali wa watu, na hakuna anayemnyamazisha kwa sababu wote wanafurahi kwamba yupo. Amina.